Ncha Mbili za Mkanda

Mkanda wa msumeno ulikatika saa tatu asubuhi, gogo la mvule likiwa halijaingia hata nusu. Ulikatikia pale pale kwenye kiungo, ambapo Valeriani alikuwa ameunga kwa mikono yake siku mbili nyuma. Ulilia kwa kishindo cha bati linalong'olewa na upepo, ukaruka nje ya magurudumu yake mawili, ukaanguka kwenye vumbi la mbao. Watu walikuwa wamekwisha kukimbia. Ukifanya kazi kwenye kiwanda cha mbao kwa wiki moja tu, unajifunza kukimbia kwanza na kuuliza baadaye.

Injini ikazimwa. Watu kumi na mmoja wakageuka kumtazama Valeriani, aliyekuwa amesimama karibu na mlango na kofia yake mkononi. Hakuna aliyemsema vibaya. Wangemsema ingekuwa nafuu.

Nyapara Seifu, mtu wa Kilwa aliyeletwa Ifakara na kazi na sasa alikuwa amezeekea hapo, aliinama akaokota ncha moja ya mkanda. Akapitisha kidole gumba mahali palipokatika, taratibu, maana chuma kile kilikuwa bado cha moto.

"Valeriani, hapa pamekuwaje?"

"Kiungo kilipoa haraka, bwana."

"Miaka yote viungo vyako havipoi haraka. Hiki kimepoa haraka kwa nini?"

Valeriani aliutazama mkanda. Jibu alikuwa nalo. Alikuwa ameunga mkanda ule peke yake, na kazi ile haifanywi na mtu mmoja. Lakini angelitoaje jibu hilo mbele ya watu kumi na mmoja? Watu hao hao ndio aliokuwa akiwaambia kila mara kwamba ufundi wa mikanda ni wake mwenyewe, na kwamba mkewe Apolonia humshikia tu, kama mtu anavyoshika taa. Wakati ule Apolonia alikuwa hai, naye Valeriani alikuwa akijitapa bila woga. Sasa Apolonia alikuwa na miezi minne kaburini.

"Sijui, bwana," akasema.

Seifu alimvuta pembeni, kwenye kivuli cha rundo la mabanzi. Hakuwa mtu mkali, na hilo lilimfanya Valeriani aone aibu zaidi. Tajiri, akasema, alinunua mikanda sita kwenye kiwanda kilichofungwa huko juu ya mto. Ni mikanda mizuri, lakini ni mirefu mno kwa mashine hii. Kila mmoja unatakiwa kupunguzwa futi tano na kuungwa upya. Ikiwa fundi wa hapa hawezi, mikanda yote itapanda lori la Jumamosi kwenda Morogoro.

"Na ikienda mara moja, ndugu yangu, haitarudi mikononi mwako tena. Tajiri ataizoea Morogoro. Chukua mwingine mmoja. Leo Jumatano. Ijumaa asubuhi nitaufunga kwenye mashine mimi mwenyewe. Nafanya hivi kwa ajili ya yule mama. Mungu amrehemu."

Valeriani aliukunja mkanda wa pili mara tatu ukawa duara, akaufunga nyuma ya baiskeli, akaondoka. Hakuna aliyemuaga.

Mtaa wake, Katindiuka, wote ulikuwa tupu. Ulikuwa wakati wa mavuno ya mpunga, na watu walikuwa wamehamia mashambani kwenye vibanda vyao, wake kwa waume, na kuku wao, na vyungu vyao. Tadei, jirani yake wa karibu, alikuwa ameondoka wiki mbili nyuma na mlango wake ulikuwa umefungwa kwa kamba. Valeriani alisukuma baiskeli katikati ya nyumba zisizo na moshi. Hakuwa na shamba la maana. Tangu gogo lilipomwondolea vidole viwili vya mkono wa kushoto, tajiri alikuwa amemwambia afanyie kazi yake nyumbani, na hiyo mikanda ndiyo iliyokuwa shamba lake.

Nyumbani kwake palikuwa na nyumba ya vyumba viwili, kibanda cha kazi kisicho na kuta, na nyuma ya ua wa matete nyumba ndogo ya mama mkwe wake, Bibi Rosa. Alikuja miaka minne iliyopita, mto ulipoifagia nyumba yake huko Michenga, akabaki. Katika miaka hiyo minne Valeriani hakuwahi kumtazama usoni. Ndivyo walivyolelewa. Mkwe na mkwe hawali pamoja, hawapeani kitu mkono kwa mkono, hawakai chumba kimoja. Kama kuna neno la kusema, husemwa kupitia kwenye ua. Katika ukoo wao heshima hiyo huondolewa siku mjukuu anapozaliwa, bibi akamchukua mtoto mikononi mwa baba yake. Apolonia hakujaliwa mtoto, kwa hiyo heshima ikabaki.

Usidhani walikuwa wanachukiana. Bibi Rosa alikuwa akimpikia, akaweka chakula juu ya kinu kilichopinduliwa, akakohoa, akaondoka. Valeriani alikuwa akimtekea maji, akaweka ndoo penye pengo la ua, akakohoa, akaondoka. Tangu Apolonia afe, vikohozi hivyo viwili ndivyo vilivyokuwa mazungumzo ya nyumba nzima.

Siku ile alimkuta Kasmiri amekaa kwenye kigogo mbele ya kibanda cha kazi. Kasmiri alikuwa mtoto wa kiume wa Bibi Rosa, kaka wa marehemu Apolonia, mtu mpole wa Michenga mwenye sauti ya chini. Miguu yake ilikuwa na tope mpaka magotini.

"Habari za kazi, shemeji?"

"Nzuri," akasema Valeriani.

"Nimepitia kiwandani. Wameniambia."

Valeriani akaegemeza baiskeli. Akaufungua mkanda polepole, maana mkanda uliokunjwa ukiuachia ghafla unaweza kukukata uso.

"Maji yamepungua," Kasmiri akaendelea. "Nyumba ya mama nimeijenga upya, mahali pa juu kidogo. Nimekuja kumchukua."

"Mama ana nyumba hapa."

"Shemeji, sisi hatukulaumu hata kidogo. Ulimuuguza dada, ukamzika vizuri. Lakini mama anakaa hapa kwa nani? Binti yake hayupo. Mjukuu hakuna. Watu wananiuliza nami sina jibu. Na sasa na kazi yenyewe ndiyo hiyo inakwenda Morogoro. Utamlisha nini?"

"Haijaenda. Nina mkanda huu. Ijumaa wataujaribu."

Kasmiri aliutazama mkanda kama mtu anayetazama nyoka aliyekufa. Alikuwa mkulima, vitu vya mashine havikumwingia akilini. "Basi na iwe Ijumaa," akasema. "Nitalala kwa binamu yangu kule Lumemo. Mkanda ukishika, mama ataamua mwenyewe, na mimi sitamvuta. Usiposhika, namchukua."

Alipokwisha kuondoka, Valeriani alikaa kwenye kigogo kile kile. Nyuma ya ua alisikia ukindu ukisuguana. Bibi Rosa alikuwa akisuka mkeka, kama kila siku. Hapana shaka alikuwa amesikia yote. Ua wa matete hauzuii maneno.

Valeriani aliogopa. Njaa haikuwa inamtisha sana, maana mwanamume hakosi kibarua katika bonde wakati wa mavuno, hata akiwa na vidole vinane. Aliogopa kuja kuamka siku moja katika boma lile asisikie mtu mwingine anafagia. Mtu ambaye hujawahi kumtazama usoni anaweza kuijaza nyumba, na Valeriani alikuwa amelijua hilo tangu Februari, alipomzika Apolonia.

Alhamisi alianza kazi jua lilipochomoza. Alipima futi ishirini na moja juu ya ubao wake, akapima tena, akakata kwa patasi katikati ya jino na jino. Akahakikisha kwamba jino lililoinamia kushoto litakutana na jino lililoinamia kulia, maana mawili yakiinamia upande mmoja mkanda hautaki kwenda sawa. Kisha akaanza kupiga tupa. Kila ncha aliisugua mshazari mpaka ikawa nyembamba kabisa, ili zikilaliana unene wake uwe ule ule wa mkanda mzima. Kazi hiyo ilichukua asubuhi yote.

Hayo yote mtu mmoja huyaweza. Shida ilikuwa mbele. Katikati ya ncha mbili huwekwa kipande cha fedha. Valeriani alitumia rupia za Mjerumani, sarafu za zamani za fedha, alizozifua mpaka zikawa kama ganda la kitunguu. Hunyunyizwa unga mweupe wa kulehemia. Kisha koleo zito lililoiva moto mpaka likawa jekundu hubana kiungo, fedha ikayeyuka. Hapo ndipo penye siri. Koleo la kwanza likiondolewa, la pili, ambalo halijaiva sana, lazima libane mara moja, ili chuma kipoe kidogo kidogo. Kikipoa ghafla kinakuwa kikavu, nacho kitakatika. Mtu mmoja ashike ncha zisisogee hata unywele. Mwingine afanye kazi ya makoleo. Wanakaa wakitazamana, ubao katikati, vichwa vikikaribiana.

Valeriani alifunga ncha ya kwanza kwa waya. Ya pili akaiwekea jiwe. Mkanda, ambao ni kitu chenye ukaidi, ukajikunjua upande wa nyuma, ukalisukuma jiwe. Akaweka jiwe kubwa zaidi. Ncha ikahama kidogo tu, lakini kidogo hicho kilitosha. Akaufunga mkia wa mkanda kwenye nguzo, akaweka jiwe tena, akakimbilia makoleo, akarudi, akakuta fedha imeanguka chini. Mara ya nne aliketi chini kwenye majivu, mikono juu ya magoti.

Nyuma ya ua ukindu ulinyamaza.

"Baba," ilisema sauti ya Bibi Rosa. Alimwita hivyo siku zote. Jina la mkwe hakulitamka. "Hilo jiwe halitashika."

"Ndiyo, mama."

"Na ule wa juzi ulichelewa na koleo la pili. Marehemu alikuwa akihesabu kumi na mbili, anakwambia lete, nawe unaleta. Juzi nilifika kumi na tisa nakusikia bado unahangaika kwenye moto."

Valeriani aliinua kichwa. "Ulikuwa unahesabu, mama?"

"Mimi nasuka mikeka. Kitu nikikisikia nakihesabu. Mwite Tadei akushikie."

"Tadei yuko shambani. Mpaka amalize kuvuna."

"Mwingine?"

"Hakuna mwingine, mama. Hakuna mtu."

Upepo ulipita juu ya matete.

"Unajua nikitoka hapa nimetoka," akasema Bibi Rosa.

"Najua, mama."

Hakujua. Alidhani anasema juu ya aibu, na aibu alikuwa tayari kuivumilia. Laiti angeuliza swali moja zaidi! Lakini alikuwa na mawazo ya Ijumaa tu, na lori, na Kasmiri.

Bibi Rosa alitokea kwenye pengo la ua amejifunika kanga kichwa kizima, akitembea upandeupande. Valeriani aligeuza uso kuelekea nguzo. Hivyo ndivyo watu wazima wawili walivyokaa pande mbili za ubao, mmoja anatazama mashariki na mwingine magharibi, wakijaribu kuunganisha chuma wasichokiona. Angekuwepo mtu wa kuwaona angecheka, na angekuwa na haki.

"Sioni," akasema Bibi Rosa ndani ya kanga.

"Nami sioni, mama. Sogeza kulia. Siyo hivyo. Kulia kwangu."

"Kulia kwako ndiko wapi?"

Ncha zikagongana, zikapishana. Makaa yalikuwa yanaanza kufifia, na makaa ya kuongeza hayakuwa mengi. Bibi Rosa alivuta pumzi. Akaitoa kanga kichwani, akaifunga kiunoni kama mwanamke anayekwenda kutwanga, akazishika ncha mbili za mkanda.

"Haya," akasema. "Tugeuke wote."

Valeriani aligeuka. Alikuwa ametegemea kuona uso wa kizee tu. Aliona paji lile lile, na midomo ile ile, wa chini umeumwa na meno mawili ya juu, kama Apolonia alivyokuwa akiuuma kila mara chuma kilipoiva. Koleo jekundu likabaki hewani.

"Usinitazame mimi," akasema Bibi Rosa kwa upole. "Tazama chuma."

Akatazama chuma. Akabana. Bibi Rosa akaanza kuhesabu kwa sauti, taratibu, bila kuinua macho, moshi ukimwingia na machozi yakimshuka bila yeye kuyafuta, maana mikono ilikuwa na kazi. Ilipofika saba fedha iliyeyuka, ikajaza ufa, ikang'aa ukingoni. Kumi. Kumi na moja.

"Lete."

Koleo la kwanza likatoka, la pili likaingia, na kati yao hapakupita hata pumzi moja. Wakakaa hivyo mpaka wekundu ukawa kahawia, na kahawia ikawa rangi ya chuma. Kisha Valeriani akatoa koleo, akaupinda mkanda mahali pa kiungo. Ukapindika kama sehemu nyingine zote, ukarudi sawa.

"Umeshika," akasema.

Bibi Rosa aliangalia viganja vyake vilivyobabuka kidogo kwa joto. Akajifunika tena, akarudi nyuma ya ua. Jioni ile chakula kilikuwa juu ya kinu kama kawaida, lakini Valeriani hakusikia kikohozi.

Ijumaa Seifu aliufunga mkanda kwenye mashine mwenyewe, kama alivyoahidi. Injini ilipoanza, watu walisimama mbali zaidi kuliko siku zote. Gogo la kwanza likapita. La pili, mninga mgumu wenye jicho katikati, likapita. Mkanda ulizunguka kwa sauti moja, bila kudunda mahali pa kiungo. Seifu akainua mkono injini izimwe.

"Hiki ndicho kiungo chako ninachokijua," akasema. "Nani alikushikia?"

Valeriani angeweza kusema Tadei. Hakuna ambaye angejua.

"Mama mkwe wangu."

Mtu mmoja alicheka, akaacha katikati. Wengine walitazama chini, kwenye vumbi la mbao, kama watu walioona nguo ya mwenzao imechanika mahali pabaya. Mzee mmoja aliyekuwa akipanga mbao alisema polepole, "Mlikaa uso kwa uso?"

"Uso kwa uso. Na mikanda yote ya nyuma tuliiunga wawili, mimi na marehemu," Valeriani alisema, na sasa hakuweza kujizuia. "Apolonia hakuwa akinishikia taa. Nusu ya kazi ilikuwa yake. Nilikuwa nawadanganya."

Seifu alimgusa bega. Akamwambia lori halitachukua kitu kesho. Mikanda minne iliyobaki ingengoja mpaka mavuno yaishe, apate mtu wa kumfundisha. Na ule uliokatika wangeona baadaye. Kazi ya mikanda ya kiwanda ilibaki yake Valeriani, kwa neno la tajiri.

Alirudi nyumbani akiendesha baiskeli mbio, jambo ambalo hakulifanya tangu ujana wake. Alikuwa amekwisha panga maneno. Angesimama penye ua, angekohoa, angesema: mama, kazi imebaki, nawe utabaki.

Kasmiri alikuwa uani na baiskeli yake. Nyuma ya baiskeli palifungwa mikeka mitatu, chungu, na mzigo wa nguo. Bibi Rosa alikuwa amesimama kando, bila kanga kichwani, anamtazama Valeriani moja kwa moja. Nyuma yake mlango wa nyumba yake ndogo ulikuwa wazi na ndani pamefagiliwa.

"Umeshika, mama! Magogo mawili, nimewaambia ni wewe uliyenishikia, na kazi ni yangu. Kasmiri, tulipatana, ukishika hachukuliwi!"

"Sijamchukua mimi," akasema Kasmiri, na alionekana mwenye huzuni ya kweli. "Nimekuta amefunga mizigo."

Valeriani alimgeukia mama mkwe wake. Safari hii hakuna kati yao aliyeficha uso.

"Kwa nini?"

"Baba, mimi hapa sikuwa mke, sikuwa mama yako, sikuwa na mjukuu," akasema Bibi Rosa. "Nilikuwa mkwe. Watu wakiuliza mwanamke yule anakaaje kwa mwanamume aliyefiwa na mke, jibu lilikuwa hilo: ni wakwe, hata uso hawaonani. Jana nimeuonyesha uso. Leo umesema kiwandani, na ulifanya vizuri kusema, maana uongo ungetuchafua zaidi. Lakini sasa jibu sina."

"Ulijua hivyo ulipotoka?"

"Nilikwambia."

"Nilidhani... Mama, mimi mkanda ule niliutaka ili ubaki. Kwa nini basi ulikuja kushika?"

Bibi Rosa alimtazama kwa muda, kwa macho yale ambayo Valeriani alikuwa amekwisha yazoea kwa siku moja tu.

"Nisingeshika, leo Kasmiri angenichukua, nawe ungebaki huna kazi na huna mtu," akasema. "Sasa kazi unayo. Tadei akirudi mfundishe kuhesabu. Asizidishe kumi na mbili."

Alitangulia. Kasmiri akafuata akisukuma baiskeli, akageuka mara moja, akainua mkono. Valeriani alitaka kuwasindikiza mpaka njia ya Michenga, lakini alijua kwamba hata hilo sasa halikuwezekana, maana watu wangesema. Alisimama penye pengo la ua, akawatazama wakipita mlango wa Tadei uliofungwa kamba, wakipita nyumba nyingine zisizo na moshi, mpaka mpunga mrefu ukawameza. Akalia, kwa sauti, kama ambavyo hakulia hata Februari wakati nyumba ilipokuwa imejaa waombolezaji. Hapakuwa na mtu wa kumwambia anyamaze.